Ukiikosa meli yako, tafuta binamu yake

Msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyewahi kuhudumu baharini, bila shaka hadithi ya meli yake umeisikia mara mia. Na ikiwa wewe ni kama mimi, huenda ulikuwa ukiitikia "naam" huku macho yako kwenye runinga.

Mjomba wangu wa Likoni alikuwa fundi wa mitambo katika KNS Simba, moja ya manowari tatu za kwanza kuundwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Wenzake Simba walikuwa Chui na Ndovu, na zote ziliundwa Uingereza na kukabidhiwa Kenya mwaka wa 1966. Mwaka jana mjukuu wake alimwuliza, "Babu, meli yako ilikuwa kubwa kama feri?" Mzee alifungua mdomo, kisha akaufunga. Picha ya pekee aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kuliwa na unyevu. Kilichosalia ni omo ya chombo na kofia ya baharia asiye na uso. Mtoto akasubiri kidogo, akaenda zake kucheza.

Jioni hiyo mzee aliniita. "Mjomba," akasema (sisi wa pwani huitana hivyo, mkubwa kwa mdogo), "unakwenda Uingereza kwa mahafali ya binti yako. Niletee meli yangu ndani ya sanduku. Nitaiunga mwenyewe kabla macho hayajaniacha." Mzee anakaribia miaka themanini na ana mtoto wa jicho.

Alikuwa akizungumzia zile modeli za plastiki zinazouzwa vipande vipande. Alipopelekwa mafunzoni Portsmouth akiwa kijana, aliwaona watoto wa huko wakizinunua katika maduka ya Woolworths. Kweli kabisa, kampuni ya Airfix iliuza meli yake ya kwanza ya aina hiyo, Golden Hind ya Francis Drake, humo humo Woolworths mwaka wa 1952 kwa shilingi mbili. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba maduka hayo yalifungwa nchini Uingereza, la mwisho likiwa Januari 2009.

Ukifika London kwa shughuli kama hii, anzia Mto Thames. Shuka stesheni ya London Bridge, teremka hadi ukingoni, nawe utaiona HMS Belfast imetia nanga karibu na daraja la Tower. Iko hapo tangu 1971. Ni lijimeli la mita 187, lenye mizinga mikubwa 12 katika minara minne. Mizinga ya omo imeelekezwa kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya M1, kaskazini-magharibi mwa jiji, ili mgeni ajue ingeweza kupiga umbali gani. Wanaokunywa chai kituoni humo sijui kama wanaarifiwa!

Ingia ndani, lakini vaa viatu visivyoteleza, maana ngazi zake zimesimama wima kama za mnazi. Teremka hadi chumba cha mitambo, chini ya usawa wa maji. Hapo kwenye mabomba na magurudumu ya shaba ndipo nilipoanza kumwelewa mjomba. Mtu aliyefanya kazi mahali kama hapo haoni bahari. Meli yake anaijua kwa mlio na joto. Picha ya meli ikipendeza kwa nje haimwelezi yeye hata kidogo.

Belfast si mgeni kwetu. Desemba 1961, Tanganyika ilipojipatia uhuru, meli hii ilikuwa Dar es Salaam, na askari wake wakasimama gwaride. Ilistaafu 1963. Na kwa kuwa ni mashuhuri, modeli zake zipo. Airfix imewahi kuitoa kwa kipimo cha 1/600, yaani sentimita 31, urefu wa rula ya shule. Trumpeter wa China wanayo ya 1/700 na nyingine ya 1/350 yenye zaidi ya nusu mita.

Lakini hapa kuna mtego. Sanduku la Trumpeter limeandikwa 1942. Kati ya 1956 na 1959 Belfast ilifanyiwa ukarabati mkubwa, hata milingoti yake ikabadilishwa. Baharia aliyesimama gwaride Dar es Salaam akiliunga sanduku la 1942 atapata meli yenye jina lake na sura ya mgeni. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, mwulize mzee wako alihudumu mwaka gani. Jina peke yake halitoshi.

Kuhusu Simba, nilipekua rafu za maduka matatu bila mafanikio. Muuzaji mmoja aliniuliza Kenya ina bahari upande gani. Aliyeniokoa ni mzee mmoja niliyekutana naye kwenye sitaha ya Belfast akiwa na mjukuu wake. Yeye alihudumu katika kichombo kidogo cha kutegua mabomu ya baharini, na modeli yake hakuipata hadi leo. Alinishauri niache kutafuta jina, nitafute ukoo: nani aliiunda, na aliunda nini kingine? Ukiikosa meli, alisema, tafuta binamu yake.

Simba iliundwa na Vosper wa Portsmouth. Basi kesho yake nikapanda garimoshi Waterloo, safari isiyozidi saa mbili, hadi stesheni ya Portsmouth Harbour iliyojengwa juu ya maji. Ukitazama nje unaiona HMS Warrior ya 1860, nyeusi tititi. Mbele yake iko HMS Victory, ambayo Nelson alifia ndani yake katika vita vya Trafalgar mwaka wa 1805. Matengenezo yake makubwa yalianza 2022, kwa hivyo usitarajie kuiona katika fahari yake yote. Na modeli yake usimpelekee anayeanza! Kamba zake ni nyuzi nyembamba zinazofungwa moja moja, kazi ya kumtoa mtu machozi.

Lililonigusa mimi ni jambo dogo. Kando ya stesheni kuna kivuko cha kwenda Gosport. Watu wanashuka mbio, wengine wanapanda na baiskeli, na dakika chache baadaye wako ng'ambo. Nilisimama pale nikasikia Likoni. Mjomba alipokuwa kijana wa miaka ishirini, mbali na kwao, bila shaka naye alisimama hapo.

Vosper walianza kazi 1871 katika gati la Camber, sehemu ya mji wa kale. Siku hizi utakuta mashua za wavuvi na harufu ya samaki. Sikuona kibao kinachotaja Simba wala Chui. Nilipiga picha ya maji tu.

Naam, na binamu nikampata, katika duka la vitu vikuukuu, chini ya magarimoshi ya watoto. Ni mashua ya topido ya Vosper ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, modeli ya Airfix ya kipimo cha 1/72. Chombo chenyewe kilikuwa cha mita 22. Simba ilikuwa ya mita 31. Lakini ni mikono ile ile ya kampuni moja, na omo kali ya chombo kiendacho mbio.

Kwa anayeanza, mashua ndogo ya kipimo kikubwa ni bora kuliko manowari kubwa ya kipimo kidogo. Katika 1/600 Simba nzima ingekuwa sentimita tano, na mzinga wake usingeonekana bila miwani. Katika 1/72, hata mkono unaotetemeka unapata pa kushika. Tazama pia kiwango cha ugumu kilichoandikwa kwenye sanduku, na uepuke vile vipande vya chuma chembamba kama karatasi; hivyo ni vya waliobobea. Ukinunua lililokwisha kufunguliwa, hesabu vipande hapo hapo dukani. Mimi sikuhesabu, na nanga moja haikuwemo.

Gundi usiibebe kwenye ndege. Gundi ya modeli na rangi za mafuta hushika moto, nazo haziruhusiwi mizigoni. Chukua rangi za maji, na umwulize muuza vifaa wa huku nyumbani gundi inayofaa plastiki. Kisha osha vipande kwa maji ya sabuni, viache vikauke, na ujaribu kila kimoja bila gundi kwanza. Aliyeruka hatua hiyo ya mwisho utamjua kwa sitaha iliyopinda.

Mjomba alilifungua sanduku mezani akakaa kimya muda mrefu. Nilidhani amekasirika. "Huyu si Simba," akasema hatimaye. "Lakini ni wa kwao."

Iliwachukua wiki tatu, yeye na mjukuu wake. Mzee alielekeza, mtoto akashika kibano. Rangi ya kijivu ilipita mstari wa maji hapa na pale. Nilipomwuliza kama ataandika jina la Simba ubavuni, aliniangalia kama niliyemtukana. Badala yake alitwaa ubao, akachora kwa kalamu ya risasi umbo la Simba katika kipimo kile kile, sentimita 44 kwa urefu na takriban nane kwa upana, akamweka binamu katikati. Pembeni pote ikabaki nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo akaanza kutia alama: mzinga wa Bofors wa mbele, mwingine nyuma, na huku kuelekea tezi, alama kubwa ya X.

"Hapa ndipo nilipokuwa."

Mtoto akapima kwa kidole. "Kwa hivyo feri ni kubwa zaidi?"

"Feri ni kubwa zaidi," mzee akakiri.

Mtoto akafikiri kidogo, akauliza chakula kilipikiwa wapi. Mzee akachukua tena kalamu.