Kikwembe cha mama na njia ya Masisi

Wamama wapenzi, kwenye mkutano wa likelemba wengi wenu mliniuliza: nani anaweza kutufulia vikwembe vya heshima bila kuviharibu? Nitawajibu kwa kuwaelezea safari yangu ya Walikale mpaka Masisi, maana jibu nililikuta huko.

Sisi wa Walikale tunamjua adui wa nguo. Ni unyevu. Msitu umetuzunguka, mto Lowa uko hapo, mvua haina ratiba. Acha kikwembe sandukuni miezi michache bila kukianika, utakuta ukungu umechora ramani juu yake. Adui wa pili ni mawese, na hapo tujilaumu wenyewe: kila sherehe tunapakua chakula tukiwa tumevaa vile vile vya thamani.

Kikwembe changu kilikuwa na yote mawili. Ni waksi ya Uholanzi, pisi nzima ya yadi 6, ambayo wakwe zangu walimpa mama siku ya mahari yangu. Mama hayupo tena. Mdogo wangu alipopata mchumba Masisi, hakuomba nguo mpya. Aliomba kile cha mama.

Mbona nisikipeleke presingi? Niliwahi kupeleka bazini yangu kwenye presingi moja yenye kibao kizuri kinachosema wanasafisha bila maji. Kazi hiyo kweli ipo, lakini inataka mashine na dawa maalum ya kuyeyusha mafuta. Mimi nilipochungulia uani niliona mabeseni matatu na kijana mwenye burashi. Bazini ilirudi imelegea, mng'ao wote umekwisha. Nilipouliza, nikaambiwa nguo yangu ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Basi, nilipanga kupita Masisi na kuendelea hadi Goma kutafuta mtu wa kuaminika.

Nilikifunga kikwembe ndani ya shuka, shuka ndani ya sheeti, nikakaa nyuma ya motari. Mpofi, Kashebere, Nyabiondo: wanaojua njia hiyo hawahitaji niseme zaidi kuhusu matope. Kuna mahali tulishuka tukasukuma pikipiki, na mzigo nikauweka kichwani. Ukipanda kuelekea Masisi, joto la msitu linakuacha, milima inakuwa ya majani, ng'ombe wanaanza kuonekana, na asubuhi ukungu wa kweli unakaa juu ya vilima hadi jua lipande. Nikajiuliza, hapa nguo inakaukaje?

Shangazi wa bwana harusi aliponiona nimebeba sheeti kama mtoto mchanga, akaniambia, "Mwalimu, Goma ya nini? Twende kwa jirani yangu."

Mama huyo hana kibao. Alikitoa kikwembe nje kwenye mwanga, akakigeuza nyuma na mbele. Kwa waksi ya kweli rangi zinaonekana sawa pande zote, maana kiwandani utomvu unapakwa pande mbili kabla ya kutia rangi. Kisha akaniuliza: hayo mafuta ni ya nini? Ya lini? Umeshapaka nini juu yake? Kule presingi hakuna aliyeniuliza hata moja. Akalowesha kitambaa cheupe, akasugua kona ya pindo, akanionyesha kwamba rangi haitoki. Akasema, "Ukungu utatoka. Mawese haya ni ya zamani, siwezi kukuahidi."

Hapo ndipo nilipoamua kumwachia.

Alihesabu vipande mbele yangu, akaandika kwenye kaye, akashona uzi mwekundu ndani ya pindo ili kisichanganyike na vya wengine. Hakutaka malipo yote kabla ya kazi.

Kesho yake nilirudi kutazama, ualimu hauniachi. Alikuwa ametumia maji baridi na sabuni ya kipande, siyo ile ya unga inayokwangua rangi. Juu ya mafuta alinyunyiza kwanza unga wa muhogo ukayanyonya, halafu akafua polepole kwa viganja. Alipokianika, alikifunika chote kwa shuka, akaacha madoa tu yaone jua. Hilo lilinifurahisha sana: rangi ile ya mawese ni karotini, ile ile ya karoti, na jua huila. Lakini jua hilo hilo lingekula na waksi, ndiyo sababu ya shuka. Mama huyu hakujifunza hayo darasani. Pasi yake ni ya makaa. Aliipuliza majivu mbali na nguo, akapiga upande wa nyuma.

Ilichukua siku 3 kwa sababu ya ubaridi, na bibi harusi alianza kulia. Mama alikataa kukikausha juu ya moto. Alisema moshi ukiingia, harusi nzima itanuka jikoni.

Nilipokwenda kukichukua, aliniita mlangoni anionyeshe mwenyewe: doa moja la pembeni lilikuwa limebaki kama kivuli. Akapunguza franga bila mimi kuomba. Jumamosi mdogo wangu alikivaa, kivuli kile kikiwa ndani ya fundo la kiunoni.