Nilisahau Kumuuliza Baba

Baba alipofariki mwaka 2019, ndugu zangu waligawana ng'ombe na mashamba. Mimi nilichukua kijiti.

Kilikuwa kijiti cha orembe, ule mti wa miiba na maua mekundu ambao kwa Kiswahili huitwa mbamba-ngoma. Baba aliuotesha kuwa ua wa boma letu, kando ya ziwa huko Homa Bay. Nilikichomeka katika sufuria kuukuu nikaja nacho hapa Migori mjini, ambako sina hata kipande cha kupanda sukuma wiki. Kiliposhika, nikasoma habari za bonsai, ufundi ambao Wajapani waliupata kwa Wachina, wa kulea mti katika chungu uzeeke ukiwa mfupi. Samaki mkunje angali mbichi, nikajiambia.

Kitabu kilisema mti unaopukutisha majani upogolewe mwishoni mwa majira ya baridi kali. Nikacheka. Kwetu theluji iko wapi? Sisi tuna mvua. Basi Aprili, majani mapya yakiwa ndiyo kwanza yamefunguka, nikashika mkasi, nikakata matawi yote.

Mwezi wa Mei Mama alinitembelea. Nilikuwa nimekificha chungu nyuma ya nyumba, lakini macho ya mzazi hayafichwi kitu. Matawi mawili yalikuwa yamekauka na jeraha moja limeoza. Akakwangua gome kwa ukucha. Ndani bado kulikuwa na ubichi.

"Mwanangu," akaniuliza, "baba yako alikuwa akikata ua mwezi gani?"

Msomaji mpenzi, nililelewa ndani ya ua ule miaka kumi na minane, na sikuwa na jibu.

"Februari," Mama akasema. "Mti ukiwa uchi. Alingoja macho yake yavimbe kama punje za mtama, ndipo akatoa panga."

Kumbe Baba na kile kitabu walisema neno moja. Mti unapopukutisha majani, chakula chake huwa kimewekwa akiba katika mizizi na shina. Ukipogoa wakati huo, akiba yote huenda kwa matawi uliyoyaacha. Majani yakishafunguka, akiba imetumika na bado haijarudishwa. Ukikata hapo, umemnyang'anya mkulima mbegu baada ya kupanda. Tena mvua huingia katika jeraha, na mti laini kama orembe huoza upesi. Mahali pa baridi kali ya Japani, sisi tuna kiangazi cha Januari na Februari.

Lakini usifuate kalenda pekee. Kando ya ziwa kule Homa Bay ukame hukaza kuliko huku Migori, na miti miwili ya shina moja inaweza kuamka siku tofauti. Tazama macho ya mti wako. Na kama una watoto, okota mbegu zake nyekundu kabla hawajazifikia, zina sumu.

Orembe wangu ulipona. Sasa unanifika magotini, na mkasi haugusi tawi kabla ya mwisho wa Februari. Siku hiyo humpigia Mama simu.

"Ua wa Baba umeamka?" humuuliza.

"Bado," hunijibu. "Ngoja kidogo."

Nami hungoja.