Paa la Ghala

Paa ni mlinzi asiyelala wala asiyedai mshahara. Kwa hiyo aghalabu husahauliwa. Watu husifu kuta kwa rangi na milango kwa nakshi, lakini ni wachache wanaolitazama paa kabla ya tone la maji kuwaangukia. Nataka kukueleza, msomaji, kwa nini naliheshimu paa la kibanda kidogo cha mabati kilicho nyuma ya nyumba yangu, katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale.

Kibanda hicho hakina fahari. Ndani yake mna majembe, ndoo na kamba. Baada ya mavuno huwa ghala. Kitale ni nchi ya mahindi, yapata mita 1,900 juu ya bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Mvua yake huanza Machi au Aprili ikaendelea kwa miezi mingi, na mahindi ya mavuno yaliyopita sharti yaivumilie chini ya paa. Mwaka jana palikuwa na magunia matano. Matatu yalikuwa yangu. Mawili yalikuwa amana ya bibi mjane, jirani yangu, ambaye nyumba yake haina nafasi ya kuyaweka.

Methali husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kuvuja kwa paa si nafuu kwa mtu yeyote. Mahindi ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 13.5 huwekeka vizuri. Yakirowa huota ukungu, na ukungu wa namna fulani huzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Basi tone la maji ghalani si jambo dogo.

Yamkini utauliza bati huvujaje. Jua la mchana hulipasha moto likatanuka. Baridi ya usiku hulirudisha likanywea. Siku baada ya siku misumari hulegea na tundu zake hupanuka. Zinki iliyopakwa juu ya chuma hukubali kuliwa ili chuma kisalimike, lakini nayo huisha, na kutu ikapata njia.

Tena, mahali palipolowa sipo penye tundu siku zote. Maji huingia juu, yakateleza chini ya bati kwa kufuata mteremko, kisha yakaanguka yanapokutana na upau. Alama ya maji ilikuwa karibu na mlango wa kibanda changu. Nilifunga mlango adhuhuri nikatazama juu gizani, na nuru ya jua ikanionyesha tundu karibu na kilele cha paa, hatua mbili kutoka pale.

Kazi niliifanya mwezi wa Februari, wakati wa ukavu. Nilikanyaga penye pau tu, maana bati lisilo na mti chini yake hubonyea. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikang'oa misumari iliyolegea, nikapigilia minene zaidi yenye vipande vya mpira, juu ya migongo ya bati wala si katika mifereji yake, kwa kuwa maji hupita mifereji. Tundu ndogo niliziba kwa vitambaa vilivyopakwa lami. Bati moja lililooza nililibadili, na ncha ya juu ya lile jipya nikaiingiza chini ya bati lililo juu yake, ili maji yashuke bila ya kupata mlango.

Mvua ilikuja, na magunia yote matano yakabaki makavu. Yule bibi alipokuja kuchukua mahindi yake, hakulitazama paa. Hakuwa na haja. Nawe, msomaji, ukiwekewa amana, tenga siku moja ya kiangazi utazame juu.