MAMA, INGIA KWENYE PICHA (Sehemu ya 7)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kadi ya kliniki. Leo naweka pembeni chanjo na uzito wa mtoto, nataka tuongee habari za picha. Msinicheke, nisikilizeni kwanza.

Mama yangu alifariki mwaka 2017. Ndugu waliponiuliza picha ya kuweka mbele ya jeneza, nilipekua nyumba nzima. Za kwetu watoto zilikuwepo: kipaimara, kumaliza darasa la saba, sherehe zote. Za mama, hakuna. Mwisho tukakata moja ya harusi ya kaka. Begani kwake kuna mkono wa mtu, mpaka leo sijui ni wa nani. Yaani mama aliyechoma maandazi alfajiri miaka yote ile ili mimi nisomee unesi, nimemzika na picha ya kukatwakatwa.

Nililiacha likapita. Mpaka mwaka jana, binti yangu anayesomea uandishi wa habari alipokuja likizo na kitabu cha picha alichoazima. Kinaitwa The Notion of Family, kilitoka 2014. Mpiga picha ni LaToya Ruby Frazier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1982 katika mji wa Braddock, jimbo la Pennsylvania.

Mji huo ulikua kwa sababu ya kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie, kilichoanza kazi 1875. Enzi zake ulikuwa na watu karibu 20,000. Kazi za chuma zilipopungua, wenye uwezo wakahama. Sensa ya 2010 iliwakuta watu 2,159 tu. Waliobaki, wengi weusi na wa kipato cha chini, wakabaki na moshi, na magonjwa.

LaToya hakwenda mbali kutafuta habari. Kwa zaidi ya miaka kumi alipiga picha watu wake wa nyumbani, kizazi baada ya kizazi: bibi yake Ruby aliyemlea, mama yake, na yeye mwenyewe. Zote za rangi nyeusi na nyeupe. Kuna moja ya 2005, yuko na bibi, wamekaa chini sebuleni, wamezungukwa na midoli aliyoikusanya bibi. Hakuna sherehe wala keki. Bibi Ruby alifariki 2009. Nikajiambia, huyu binti anayo ile picha niliyoitafuta mimi.

Nikafungua ukurasa mwingine, nikanyamaza. Ni picha mbili zimewekwa pamoja, za 2011. Katika moja, mama yake amekaa ametupa mgongo, kavaa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, nyaya zimeshuka kutoka kichwani. Anapimwa kifafa. Pembeni yake ni hospitali ya mji wao, iliyofungwa 2010, sasa inabomolewa, na nyaya zake nazo zinaning'inia.

Jamani, magauni yale nimeyafunga kamba miaka mingapi? Mimi nikiona mgongo wa mgonjwa naangalia vidonda vya kulalia, naandika faili, naenda kitanda kinachofuata. Siku ile nikaona mgongo wa mama wa mtu, na mji uliokosa hospitali.

Na mama huyo hakukaa tu kupigwa. Kuna picha ya 2008 ambayo yeye ndiye anampiga binti yake. Binti yangu akaniambia, "Unaona mama, hawa walikubaliana."

Hapo akanigusa pabaya. Miezi miwili kabla, alinipiga picha nimelala kwenye kochi baada ya zamu ya usiku, na sare yangu, mdomo wazi. Akataka kuirusha mtandaoni. Nikawaka! Nikamwambia afute mbele yangu, akafuta. Sasa nikamuuliza taratibu, "Ile picha, ulifuta kweli?" Akasema, "Nilifuta, mama." Nikaumia, sikutegemea. Nilikuwa na haki kukataa isiende mtandaoni. Lakini kuifuta kabisa, ndivyo alivyopotea mama yangu.

Basi asubuhi moja nimetoka zamu, nikaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, nikamwambia, "Haya, piga. Ila inabaki ndani." Akapiga. Kisha nikachukua simu, nikampiga yeye, nywele hazijasukwa. Tumezisafisha zote mbili stesheneri, nyuma tumeandika majina, mahali na tarehe.

Mama zangu, wengi wenu simu zimejaa watoto, nyinyi wenyewe hamumo. Mnasema subiri nipungue, subiri nisuke. Mtoto hatafuti urembo wako. Siku moja atatafuta mikono iliyomwogesha.

Kwa hiyo naomba matatu:

1. Mpe mtu simu akupige ukiwa na mtoto, kwenye kazi ya kila siku: unaponyonyesha, unapokoroga uji, hata na dera lako.

2. Ulizaneni ruhusa. Picha ya kutunza nyumbani na ya kurusha mtandaoni ni vitu viwili. Mtoto mkubwa naye aulizwe. Na ukiwa wodini, usimpige mama wa kitanda cha jirani, hata kama yuko nyuma yako tu.

3. Safisha hata moja kwa mwaka, andika nyuma. Simu huibiwa, huanguka kwenye ndoo.

Na kama mama yako yu hai, mpigie leo umuombe. Atakwambia ngoja nibadilishe nguo. Mwambie hapana mama, hivyo hivyo.

Sehemu ya 8 tunarudi kwenye maziwa ya kwanza, maswali yenu nimeyaona. Usiku mwema.