Soksi za Nyanya

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kufika Kinangop mwezi wa Julai, basi baridi wewe huisikia tu redioni. Huku kwetu karibu na Njabini, ukungu hushuka jioni kutoka milima ya Nyandarua, ukalala juu ya mashamba ya viazi na kabeji, na asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Watu wa huku hukama ng'ombe wakiwa na gambuti, hulima wakiwa na gambuti, na wengine huenda nazo hata kanisani. Lakini gambuti bila soksi nzito ni sawa na kutia mguu kisimani. Hapo ndipo nyanya yangu anapopata riziki.

Nyanya hufuma soksi. Si kwa mashine, la! Hufuma kwa mkono, na sindano zake ni spoki nne za baiskeli ambazo marehemu babu alizikata akazinoa kwa jiwe. Uzi hanunui dukani. Siku ya soko hutafuta sweta kuukuu za mitumba, zile zilizotoboka viwiko ambazo hakuna anayezitaka, akazileta nyumbani na kuzifumua. Tangu nikiwa na miaka sita, kazi yangu ilikuwa kunyosha mikono mbele kama mtu anayejisalimisha kwa polisi, naye anauzungusha uzi kwenye mikono hiyo. Kisha huufua, akauanika umefungiwa jiwe ili unyooke.

Nyumbani tuko watatu: nyanya, dadangu mdogo na mimi. Mama anafanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha na huja mwisho wa mwezi. Mimi hurauka saa kumi na nusu, nikawasha moto, nikakama ng'ombe, kisha nikatembea hadi shuleni, kwa maana shule yetu ni ya kutwa. Jioni nikirudi humkuta nyanya kando ya jiko, redio imefunguliwa, sindano zinalia ka-ka-ka. Uraibu wake ni huo: kufuma na kubishana na redio. Mtangazaji akisema bei ya viazi imepanda, nyanya humjibu, "Imepanda kwa nani? Kwetu bado!"

Soksi si kitu rahisi kama unavyodhani. Nyanya huanza na vitanzi 60, akavigawa 20 kwa kila sindano tatu, na ile ya nne ndiyo ya kufanyia kazi. Sehemu ya juu hufuma viwili wazi na viwili kinyume ili ivutike isiteremke. Akifika kwenye kisigino, hufuma nusu peke yake, yaani vitanzi 30, akienda na kurudi hadi kipatikane kipande kama ulimi. Kisha huo ulimi huukunja kwa kupunguza vitanzi, akaokota vingine pembeni na kuendelea na wayo. Kisigino ndicho mtihani. Kikikosewa, mguu huota malengelenge. Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa najua kisigino. Lakini nilipoingia kidato cha kwanza niliacha kabisa, kwa sababu vijana wenzangu waligundua wakaanza kuniita "Shosho". Jina hilo liliniuma kuliko kiboko.

Sasa nikufikishe kwenye kiini cha habari hii. Muhula wa tatu wa mwaka jana, mteja mmoja anayebeba magunia ya viazi alirudi na soksi mkononi. Kisigino kilikuwa kimepinda na kitanzi kimoja kimeachia, soksi yote ilikuwa inafumuka. Nyanya aliipapasa, akasema uzi ulikuwa umeoza, akamrudishia pesa zake. Mimi nilinyamaza. Nilijua uzi haukuwa umeoza, kwa maana niliushika mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo nikawa namchunguza. Chai aliimwaga kando ya kikombe. Sukari na chumvi alizitambua kwa kuonja. Alinituma dukani kununua balbu kubwa zaidi, akidai ile ya zamani imechoka. Nikanunua. Wiki mbili baadaye akanituma tena. "Siku hizi wanatengeneza balbu za ovyo," akasema. Ama kweli, balbu ilikuwa inawaka mpaka macho yangu yanauma.

Ningemwambia nini? Nyanya ni mtu aliyenilea. Kumwambia "huoni" ni kama kumwambia "huna kazi tena". Basi nikaamua kufanya nilichodhani ni wema. Usiku, akishalala, nilikuwa nachukua soksi alizomaliza, nafumua kutoka kwenye kisigino, nakifuma upya pamoja na wayo, kisha nairudisha kikapuni. Soksi moja ilinichukua saa tatu. Wateja waliacha kulalamika. Nyanya naye akawa na furaha, akisema, "Unaona? Ulikuwa ni uzi tu."

Lakini mimi nililipia. Darasani nilikuwa nasinzia kama kuku aliyenyeshewa. Katika mtihani wa hisabati nilipata alama 31, mimi ambaye sijawahi kushuka chini ya 60. Tena siku moja, nikitoa daftari, donge la uzi lilichomoka mkobani likaviringika katikati ya madawati hadi miguuni pa mwalimu. Darasa lote lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu aliliokota, akanitazama, akaniwekea mezani bila neno. "Shosho!" mtu akaita kutoka nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku za mwizi ni arubaini. Miezi miwili ilipita, na jioni moja nilimkuta nyanya amekaa na soksi mapajani, redio imezimwa. Kumkuta redio imezimwa kulinitia baridi tumboni.

"Mume wangu," akaniita, maana hivyo ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "hiki kisigino ni cha nani?"

"Ni chako, nyanya."

"Wacha kunidanganya." Akaingiza kidole chake kidogo kwenye pembe ya soksi, pale kisigino kinapokutana na wayo. Kidole kikatokea upande wa pili. "Mimi pembeni huokota vitanzi 15, halafu naongeza kimoja cha kuziba shimo. Wewe umeokota 15 peke yake. Macho yangu yameisha, lakini vidole bado viko. Umenidanganya tangu lini?"

Nilishikwa na haya. Kisha ulimi ukaniteleza. "Hata wewe, nyanya, umekuwa ukinidanganya kuhusu balbu."

Neno likishatoka halirudi. Nilingoja kofi, lakini halikuja. Nyanya aliziweka zile spoki juu ya kabati na hakuzigusa siku nne. Siku nne nyumba yetu haikusikia ka-ka-ka wala mabishano na redio. Dadangu aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Chakula hakikunishuka vizuri, nikijua mimi ndiye niliyemvunja moyo.

Siku ya tano, asubuhi ya Jumamosi, aliniita nje kwenye jua. "Niangalie machoni. Niambie unachoona. Usinifiche."

Nikaangalia. Katikati ya jicho la kulia, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama maji yaliyosuuzia kibuyu cha maziwa. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza vivyo hivyo. Nikamwambia.

"Hata mimi huo weupe ndio naona," akasema polepole. Kisha akaniambia kitu ambacho hajamwambia mama. Alikuwa anaogopa. Zamani alimjua mwanamke aliyepelekwa kutibiwa macho akarudi akishikwa mkono, na tangu hapo aliapa jicho lake halitaguswa na kisu. Nikaelewa kwamba kila mmoja wetu alikuwa anamwonea mwenzake huruma gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa wawili tunaoficha.

Mama alipokuja mwisho wa mwezi tulimwambia yote. Alilia kidogo, akatukaripia wote wawili, mimi na mama mkwe wake, halafu akaanza kuhesabu pesa. Za soksi zilikuwemo. Likizo ilipofika tulipanda matatu hadi Flyover, tukateremka na barabara kuu ya Nairobi hadi Kikuyu, ambako kuna hospitali yenye kitengo cha macho. Daktari alieleza kwa utaratibu: ugonjwa huo huitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi, na ya nyanya ilikuwa imefanya ukungu. Wangeitoa hiyo na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Angetiwa dawa ya ganzi bila kulazwa usingizi, na wangeanza na jicho moja.

Nyanya aliuliza swali moja tu: "Nitahesabu vitanzi?" Daktari akacheka, akasema kwa kazi ya karibu huenda akahitaji miwani.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, moyo unanienda mbio. Alipepesa, akanitazama juu hadi chini, kisha akasema, "Viatu vyako havijapigwa rangi tangu lini?" Msomaji, sijawahi kufurahia kukemewa namna ile.

Jicho la pili bado, litafuata Mungu akipenda. Lakini nyanya aliporudi nyumbani na kupata miwani, alikusanya soksi zote ambazo hazijauzwa, akazikagua mlangoni moja baada ya nyingine. Kumi na moja zilikuwa na shimo la pembeni, zote za mkono wangu. "Fumua," akasema. "Okota 16." Tena si usiku kwa kujificha. Aliniwekea kiti nje mchana, karibu na njia ambayo wanafunzi wenzangu hupita wakienda sokoni.

Yule kijana aliyezoea kuniita Shosho alipita. Akasimama. Nikajua sasa yameniangukia. Alitazama sindano, akatazama soksi, akauliza, "Hizo ni ngapi? Baba yangu anataka za gambuti."

"Mia mbili," nikamjibu bila kuinua kichwa, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye kisigino na nilikuwa nahesabu.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kama kuna mzee nyumbani kwenu anayelalamika kuhusu balbu, mtoeni nje kwenye jua mumtazame machoni. Mwambieni mnachokiona. Atakasirika siku nne, lakini siku nne hupita.