Hongo ya Kutambuliwa

Mbunge atokaye Pemba afikapo Dodoma kwa mara ya kwanza, hasa mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, huona taabu kusadiki ya kwamba mambo ya kisiwa chake na mataifa ya ng'ambo hujadiliwa katika nchi hii ya mibuyu na vumbi, ambako bahari ni habari ya kusikia tu. Lakini ndivyo ilivyo. Katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba ya 1977, Mambo ya Nchi za Nje ni la pili, na Bunge liidhinishalo fedha za balozi hukaa hapa.

Ugogo si mgeni wa mambo ya kutambuana. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo iendayo Unyanyembe ilipita hapa na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, na bendera ile haikumsamehe mtu hongo, neno ambalo siku zile halikuwa na aibu. Watemi wa Wagogo walikuwa na maji, na mwenye kiu hana budi kukiri ya kwamba nchi ina mwenyewe. Nguo, shanga na waya vilitolewa kwanza, ndipo watu wakanywa.

Yaliyowakuta watu wa pwani Ugogo yaliikuta Zanzibar mbele ya London. Nchi hiyo, iliyokuwa chini ya himaya ya Mwingereza tangu 1890, ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na siku 6 baadaye ikaingia Umoja wa Mataifa. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Mwingereza alikalia kisima chake. Alihofu Ukomunisti, akasikiliza Washington inasema nini. Uchina, Urusi na Ujerumani ya Mashariki hazikungoja. Mwezi wa Februari mwakilishi wake akafukuzwa Unguja. Na tarehe 23 ya mwezi huo, siku 42 baada ya mapinduzi, utambuzi ukaja. Ulikuja kama mvua ya Mei katika Ugogo, uwele umekwisha kukauka: waliokwisha kukaa karibu na Karume walikuwa wengine.

Tena haukudumu. Siku 63 baadaye, tarehe 26 Aprili, Zanzibar ikaungana na Tanganyika, na dola iliyotambuliwa kwa shida ikawa haina balozi wa kupeleka. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, visiwa vilinuna pamoja na Bara hadi 1968, vipende visipende. Mwaka 1992 Zanzibar ikajaribu sauti yake yenyewe, ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Mwaka uliofuata ikajitoa. Wapo Wazanzibari wasemao ya kwamba waliuza kiti chao. Wapo wasemao ya kwamba kisiwa pweke kingelipa hongo kila mlangoni. Wa kwanza wana haki ya kuhuzunika, ila siku zile 42 zawashuhudia wa pili.

Serikali imetenga viwanja vya balozi hapa Dodoma, lakini nyingi zingali Dar es Salaam, karibu na maji. Balozi wa Uingereza akiwa na shauri na Bunge, hukwea uwandani kama msafara wa zamani, akampita mbunge wa Pemba barazani, wakaamkiana.