Tanzia: Barafu ya Ruwenzori

Ndugu na jamaa wa Mutwanga, Beni na Kasese wanataarifiwa, pamoja nasi wa Luberizi, kwamba barafu ya mlima Ruwenzori iko mahututi. Mwaka 1906 ilienea takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 haikutimia hata moja. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika huenda zikatoweka kabla ya 2050. Kinachoiua ni joto la hewa linalozidi kupanda.

Huku bonde la Ruzizi tunajua jua na mpunga, lakini msiba huu ni wetu pia. Wazungu waliohangaika kujua Ruzizi inaelekea wapi ni miongoni mwa waliopewa vilele vya kule kwa majina yao: Speke, aliyefika Uvira na Burton mwaka 1858, na Stanley, ambaye mwaka 1871 alisimama na Livingstone pale mto wetu unapoingia Tanganyika.

Wakafuata wapanda milima. Freshfield, aliyeuzunguka mlima Kangchenjunga mwaka 1899, alikuja Ruwenzori 1905, mvua ikamrudisha. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kilipandwa kwanza na Mwitaliano, Luigi Amedeo, Juni 1906. Mwaka huohuo Mwingereza Wollaston alikuwa mlimani humo, na 1921 akawa daktari wa msafara wa kwanza kwenda kuipeleleza Everest. Shipton na Tilman, walowezi wa Kenya, walipanda kule 1932. Miaka miwili baadaye wakapenya bonde la Nanda Devi, India, ambalo lilikuwa limewashinda wengi. Himalaya iliwapa sifa, lakini sehemu ya ujuzi wao waliipata katika matope na ukungu wa mlima huu.

Wakonjo, wenyeji wa mlima, waliowabebea mizigo hawakupewa kilele hata kimoja. Hilo linaniuma sana, kwa kuwa wao ndio wafiwa wa karibu: huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mwenye mlima, tangu kabla ya ramani yoyote.

Wapo wanaohofia mito itakauka. Mito ya Ruwenzori hulishwa hasa na mvua. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Basi tusiililie kwa ajili ya maji. Tuililie yenyewe, weupe ule juu ya msitu wa Ikweta, ambao wajukuu wetu wataukuta kwenye picha tu.

Matanga yawekwe Mutwanga, na wazee waliowaongoza wageni hadi barafuni wawe wa kwanza kusema. Maneno yao yaandikwe, na majina yao pia.